Mistari iliyonyooka kupita kiasi

Blogu hii imelala karibu miezi miwili, nami sina kisingizio isipokuwa kile cha kawaida: kazi inayolipwa imemeza ile isiyolipwa. Wale wanaosubiri sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, nawaomba radhi, itakuja. Leo nataka kubishana kuhusu tepu.

Naam, tepu. Ile ya karatasi, ya rangi ya manjano hafifu, ambayo fundi wa gereji huibandika kandokando ya kioo cha gari kabla ya kupuliza rangi, kisha akamalizia kwa kufunika kioo kizima kwa magazeti ya juzi. Nilipokuwa mdogo nilisikia ikiitwa "maskini tepu", na kwa miaka kadhaa niliamini kwamba ni tepu ya watu maskini, kwa kuwa haishiki sawasawa kama selotepu. Nilikuwa darasa la sita nilipojua kwamba kule kutoshika sana ndiko kazi yake hasa.

Wanaonifahamu wanajua kwamba usiku, nikishafunga tarakilishi, huwa naunda ndege ndogo za plastiki. Si za kuruka. Zinakuja kwenye sanduku zikiwa vipande vipande, unazikata, unazigundisha, unazipaka rangi, kisha zinakaa kwenye kabati zikikusanya vumbi. Nyingi za kwangu ni za kipimo cha 1/72, maana yake kila sentimita moja ya modeli ni sentimita 72 za ndege halisi. Ni burudani ya mtu asiyependa kelele. Mke wangu huiita "kazi ya pili isiyo na mshahara", na hajakosea.

Sasa kisa chenyewe. Mwaka juzi nilimaliza Dakota. Hiyo ni ndege ya injini mbili ya Marekani iliyoitwa C-47 jeshini, na Waingereza ndio walioipa jina la Dakota. Mabawa yake, kutoka ncha hadi ncha, ni karibu mita 29, kwa hiyo modeli yangu ilikuwa na upana wa sentimita 40 hivi, kubwa kiasi cha kuchukua nusu ya meza. Niliipamba kama ilivyokuwa Juni 1944, na ile mistari mitano mipana, nyeupe na nyeusi, kuzunguka kiwiliwili na mabawa. Nilijivunia mistari ile kuliko kitu chochote nilichowahi kupaka. Ilikuwa imenyooka kama imechapishwa. Nilifunga modeli kwenye boksi la viatu, nikampelekea mjomba wangu.

Mjomba alikuwa fundi wa rangi za ndege pale uwanja wa Wilson, Nairobi, tangu miaka ya 1970. Amepaka ndege nyingi kuliko nilizowahi kupanda. Sasa ana presha ya macho, na jicho la kushoto limekwisha kabisa, la kulia linaona vivuli tu. Nilimwekea Dakota mapajani. Akaipapasa mabawa, akahesabu injini, akacheka alipogusa propela. Halafu akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mgongo wa ndege, kutoka mbele kwenda nyuma, polepole.

"Vizingiti sita," akasema. "Mistari mitano."

Nikamwambia ndiyo, Mjomba, ni mitano.

Akapitisha tena ukucha, mara hii mpaka wa kwanza peke yake, huku na huku. Kisha akaniuliza swali ambalo sijalisahau mpaka leo: "Mpwa wangu, ndege hii ilichorwa mistari kabla ya kupakwa rangi?"

Hakuwa anaona, lakini ukucha ulikuwa umemwambia kwamba rangi ya kijani ya mwili ilikuwa juu ya rangi nyeupe ya mistari. Na ilikuwa kweli. Mimi nilianza na nyeupe, nikaziba, nikapuliza nyeusi, nikaziba mistari yote, mwishowe nikapuliza kijani. Ndiyo njia inayofundishwa kila mahali, kwa sababu nyeupe haifuniki rangi nyeusi vizuri, basi unaitanguliza. Lakini ndege halisi ilikuwa imekwishapakwa kijani miezi mingi nyuma, na mistari ikaja juu. Modeli yangu ilikuwa na historia iliyogeuzwa kichwa chini, na mzee asiyeona ndiye aliyeigundua.

Hoja yangu ya leo imetoka hapo, na najua itawaudhi baadhi ya wenzangu wa burudani hii: tunaziba kupita kiasi. Tumeipenda tepu hadi tumesahau ndege. Kabla hujabandika kipande chochote, jiulize kama yule aliyepaka ndege halisi alibandika chochote mahali hapo. Kama hakubandika, mstari wako ulionyooka ni kosa, hata ukipendeza namna gani.

Nirudi nyuma kidogo kwa wale wasiojua tepu hii ilitoka wapi, maana ni hadithi ninayoipenda. Miaka ya 1920 huko Marekani magari ya rangi mbili yalikuwa fasheni. Ili kupaka rangi ya pili, mafundi walifunika ile ya kwanza kwa magazeti na gundi kali, na walipobandua, rangi nayo ikatoka. Kijana mmoja aitwaye Richard Drew, aliyefanya kazi katika kampuni ya 3M ambayo wakati huo ilijulikana zaidi kwa msasa, alikuwa amepeleka msasa gereji akawakuta mafundi wakilaani kazi yao. Akaenda kujaribu, na mwaka 1925 akawa ametengeneza tepu ya karatasi yenye gundi inayoshika kiasi na kuachia kwa amri. Selotepu ya kung'aa aliitengeneza baadaye, mwaka 1930. Kwa hiyo yule fundi wa Kirinyaga Road anayeziba taa za matatu leo anafanya kazi ileile iliyomfanya Drew aumize kichwa. Mnakumbuka Februari 2004, sheria za Michuki zilipoanza kutekelezwa na kila matatu ikatakiwa kuwa na mstari wa manjano ubavuni? Nadhani hakuna mwezi nchi hii ilitumia tepu nyingi kama ule. Na ukiangalia kwa makini mistari ya siku zile ungejua nani alibandika tepu na nani alikisia kwa jicho.

Sisi waandishi wa programu tuna maski zetu pia. Unachukua namba, unaiwekea maski ya biti, unabaki na sehemu unayoitaka. Ile 255.255.255.0 unayoiona kwenye mipangilio ya mtandao ni maski: penye 255 ni jina la mtandao, penye 0 ni jina la mashine. Nilipoanza modeli nilidhani ujuzi huo utanisaidia, na kwa sehemu ulisaidia, hasa katika kupanga nini kinatangulia nini. Lakini maski ya biti haina unene. Haiachi kizingiti. Tepu ina unene, na rangi inapojaa kwenye ukingo wake inasimama kama ukuta mdogo, na ukuta huo ndio uliogusa ukucha wa Mjomba.

Haya, turudi Juni 1944, kwa sababu ile mistari haikuwa mapambo. Usiku wa tarehe 11 Julai 1943, ndege 144 za Marekani zilizobeba askari wa miavuli kwenda Sicily zilipita juu ya meli na mizinga ya upande wao wenyewe. Wapiga mizinga walidhani ni adui. Ndege 23 ziliangushwa, na watu waliokufa humo waliuawa na wenzao. Mwaka uliofuata, majeshi yalipojiandaa kuvuka kwenda Ufaransa, wakubwa waliamua kila ndege iwe na alama ambayo hata mtu aliyejaa hofu ataitambua: nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe. Lakini alama hiyo ilipaswa kuwa siri mpaka dakika za mwisho, la sivyo Wajerumani wangeiiga. Ndege za kubeba askari zilipata amri ya kupakwa tarehe 3 Juni, za kivita tarehe 4, na mashambulizi yakaanza tarehe 6.

Fikiria hapo. Maelfu ya ndege, saa chache, mafundi wa uwanjani wamekabidhiwa makopo ya rangi na brashi. Nani alikuwa na muda wa kubandika tepu? Wachache walibahatika. Wengi walipiga mstari wa kukisia wakapaka kwa mkono, kwa hiyo picha za siku zile zinaonyesha mistari iliyopinda, kingo zenye alama za brashi, nyeupe iliyo nyepesi hadi kijani kinachungulia chini yake. Mistari ile ni picha ya watu waliokuwa wakikimbizana na muda ili wasiuane wenyewe kwa wenyewe tena. Nami nilikuwa nimeichukua hofu ile yote nikainyoosha kwa rula.

Tena hata upana nilikuwa nimeukosea. Amri ilitaka mistari ya inchi 18 kwa ndege za injini moja na inchi 24 kwa zile za injini mbili. Inchi 18 ni mm 457. Gawanya kwa 72 upate mm 6.35. Tamiya wa Japani huuza tepu ya washi ya mm 6, 10, 18 na 40, kwa hiyo tepu ya mm 6 inakaribia kabisa mstari wa Spitfire ya 1/72, na watu wengi wameizoea. Nami kwa mazoea nikaitumia kwenye Dakota. Dakota ina injini mbili! Inchi 24 ni mm 610, yaani mm 8.5 kwa modeli. Mistari yangu ilikuwa imenyooka vizuri sana katika upana wa ndege nyingine. Mtu yeyote aliyewahi kunakili kipande cha programu ya mwenzake bila kukisoma anaijua aibu ya namna hii.

Basi niliisugua sehemu ile kwa msasa wa maji nikaanza upya. Nitaeleza nilivyofanya, kwa kuwa kuna jambo la hisabati ndani yake ambalo wasomaji wa blogu hii watalipenda.

Mkia wa Dakota unachongoka. Sehemu inayopakwa mistari si bomba, ni koni. Sasa, ukizungushia tepu iliyonyooka kwenye koni, haitarudi ilipoanzia; itapanda upande mmoja kama nyoka, na mwisho wake utapishana na mwanzo. Watu hudhani wameshindwa kubandika, wanavuta, wanabandua, wanabandika tena, na tepu inakunjamana. Hawajakosea. Tepu ndiyo inayofuata sheria: juu ya koni, njia iliyonyooka haizunguki na kujifunga. Ukitaka ijifunge, inabidi uikate kwa tao. Na tao hilo linapigiwa hesabu kirahisi. Nilipima nusu kipenyo cha kiwiliwili mahali pale, mm 14, nikaona kinapungua mm 1 kila nikisogea mm 8 kuelekea mkiani. Zidisha 14 kwa 8: tepu yangu ilipaswa kuwa tao la duara lenye nusu kipenyo cha mm 112. Niliandika programu ya mistari 12 ya Python ikanichorea matao yote katika faili la SVG, nikachapisha kwenye karatasi, nikaiweka chini ya kioo, nikabandika tepu juu ya kioo na kukata kwa wembe mpya nikifuata mchoro. Kama huna hamu ya hesabu, kata tepu iwe nyembamba ya mm 1 au 2. Nyembamba inakubali kupinda. Izungushe hiyo kwanza, kisha jaza nyuma yake kwa tepu pana.

Lakini ngoja, utauliza, si umesema tusizibe? Ndiyo. Matao yale sikuyatumia kupulizia rangi. Niliyatumia kuchora mistari ya penseli, hafifu, juu ya kijani kilichokwisha kukauka. Nikabandua tepu. Kisha nikachukua brashi bapa nikapaka nyeupe kwa mkono, mikono miwili tu ya rangi, nikaacha kijani kichungulie pale kilipotaka. Siku ya pili, nyeusi. Mkono wangu ulitetemeka mahali fulani chini ya tumbo na nikaacha vilevile. Jioni moja ikatosha. Mara ya kwanza, kwa kuziba na kuzibua, nilikuwa nimetumia wikendi tatu.

Jambo jingine ni mpaka wa kijani cha juu na kijivu cha tumboni. Kiwandani mpaka huo ulipulizwa, nao ulikuwa laini, rangi moja ikififia ndani ya nyingine. Hapa ndipo wabishi wawili hukutana. Mmoja huziba kwa tepu na kupata ukingo mkali kama wa kisu. Mwingine anasema laini ni laini, anapuliza kwa mkono huru, na modeli yake inaonekana imepigwa ukungu. Wote wawili hawajapiga hesabu. Tuseme ukingo halisi ulififia kwa mm 25. Gawanya kwa 72: mm 0.35. Huo ni unene wa risasi ya penseli nzuri. Kwa hiyo laini inatakiwa iwepo, lakini jicho lililo mbali kidogo halipaswi kuiona.

Njia inayokaribia hapo ni ya kuzungusha vijiti vyembamba vya ule ulimbo wa buluu wa kubandikia mabango ukutani. Unauviringisha kama unavyoviringisha unga wa chapati kabla ya kukata, lakini mwembamba kama tambi, unaulaza kwenye mpaka, halafu tepu inashikilia juu ya ulimbo bila kugusa plastiki. Rangi inapita kidogo chini ya tumbo la ulimbo na kufifia. Ukipuliza wima kabisa, unapata ukingo mwembamba; ukiinamisha brashi ya hewa kuelekea chini ya ulimbo, ukungu unaingia ndani zaidi. Nilikuwa nikielekeza ovyo mpaka nilipoona upande mmoja wa ndege una mpaka mkali na mwingine una ndevu. Kosa lilikuwa mkono wangu wa kulia, unaopuliza kwa mshazari nikigeuza modeli. Sasa nazungusha modeli, mkono haugeuki.

Kuna mahali ambapo tepu ina haki yake yote, na hapo sitaki mchezo. Madirisha. Fremu za kioo cha rubani. Herufi za usajili. Mjomba alinieleza walivyokuwa wakifanya pale Wilson: ndege ikinunuliwa kutoka Uganda ilikuja na 5X ubavuni, nayo ikatakiwa kuwa 5Y ya Kenya, ya Tanzania ilikuja na 5H. Wanafuta, wanapima, wanaziba kwa karatasi na tepu, wanapuliza, wanabandua. Herufi ile ni sawa na sahihi ya serikali. Hakuna fundi aliyeikisia.

Kwa kazi hiyo, haya ndiyo ninayoyaamini. Tepu ya dukani kwa vifaa vya ujenzi inafaa kuliko watu wanavyoisema, ila usitumie ukingo wake wa kiwandani, maana umegongwagongwa dukani na umeshika vumbi. Ibandike kwenye kioo, kata ukingo mpya kwa wembe na rula ya chuma. Kioo hicho hicho kinaipunguzia ukali wa gundi. Bado ikishika sana, iguse kwenye suruali mara mbili. Ukishaibandika kwenye modeli, bonyeza ukingo kwa kucha au kijiti cha meno, kisha, na hapa ndipo siri yote ilipo, puliza kwanza ile rangi ya chini tena, kidogo tu, juu ya ukingo. Kama kuna tundu, rangi inayopenya itakuwa ya rangi ileile iliyoko chini, haitaonekana, na itaziba tundu. Baada ya hapo ndipo upulize ya pili, nyembamba nyembamba, ukielekeza hewa kutoka kwenye tepu kwenda nje, wala si kutoka nje kwenda chini ya tepu. Usisubiri kesho kubandua. Rangi ikiacha kunata tu, vuta tepu ukiirudisha juu yake yenyewe, ikiwa imelala, polepole. Ukivuta kwenda juu, unavuta na rangi.

Na tafadhali, usiruke andakoti. Rangi ya maji juu ya plastiki tupu hubanduka na tepu kama ganda la yai.

Kwa madirisha mengi madogo, kuna dawa ya utomvu wa mpira wa maji unaopakwa kwa brashi, ukakauka, ukabanduliwa baadaye kama ngozi. Maskol ya Humbrol ni ya zambarau, na harufu yake itaamsha nyumba nzima. Inafaa kwenye shimo lenye kingo zake, kama dirisha la pembeni la Dakota. Haifai kutengeneza mstari, kwa sababu mstari wake ni mzuri kadiri ya brashi yako, na kama brashi yako ni nzuri hivyo, si ungepaka rangi moja kwa moja?

Zile maski zilizokatwa tayari, kama za Eduard wa Cheki, nimezitumia. Sitajifanya mtakatifu. Kioo cha ndege ya kulipua mabomu ya Wajerumani kina vidirisha hadi unachanganyikiwa, na mtu mwenye watoto hana usiku wa kukata kila kimoja. Ninachopinga ni mtu kuzinunua kabla hajawahi kukata hata dirisha moja. Hatajua kwa nini moja haikai sawa, kama vile anayeanza programu kwa kubandika maktaba ya mtu mwingine na hawezi kusoma ujumbe wa kosa ukitokea.

Mimi mwenyewe nilijaribu njia ya mkato ya hapa kwetu. Kuna maduka mjini yanayokata stika za matatu kwa mashine. Unawapa faili, inakata. Nikawapelekea herufi zangu za 5Y katika stika. Zilitoka safi kabisa. Tatizo lilikuwa langu: stika ile imetengenezwa ishike kwenye bati juani kwa miaka mitano, si kwenye rangi yangu ya jana. Ilipotoka, ilitoka na ubavu wa ndege.

Najua pingamizi litakalokuja kwenye maoni. Kwamba modeli ni sanaa, si hati ya mahakama. Kwamba mtu akipenda mstari ulionyooka kwenye kabati lake ni raha yake. Sawa. Sina polisi wa kumtuma. Lakini basi asiandike chini yake "C-47, Juni 1944". Aandike "ndege nzuri yenye mistari". Na wale wanaotoa zawadi kwenye mashindano, ambao hutafuta kwa tochi mahali rangi ilipopenya chini ya tepu, wajaribu siku moja kutafuta mahali ambapo ingepaswa kupenya. Huwa nakereka nikiona modeli iliyo na mistari ya mkono ikipunguziwa alama kwa sababu ya "uchafu", wakati ile ambayo haikuwahi kuwepo duniani inapewa kikombe.

Nilimwahidi Mjomba Dakota ya pili, ya kiraia, moja aliyoipaka mwenyewe: nyeupe juu ili jua lisiwachome abiria, bati tupu chini, mstari mmoja wa buluu katikati, na 5Y ubavuni. Hakuna picha yake. Kila kitu nilipata kutoka kinywani mwake, akinionyesha kwa kiganja mstari ulipopita chini ya madirisha. Hapo nilijua kwamba rangi zenyewe hazitamfikia. Kinachomfikia ni ukucha. Kwa hiyo nilipanga safu kama alivyozipanga yeye: nyeupe kwanza, buluu juu yake, herufi mwisho kabisa, kila kizingiti kikipanda upande uleule kilikopanda Wilson. Buluu niliipuliza nyembamba mara nne, nikabandua mapema, nikapitisha msasa wa maji wa 2000 kwenye kingo mpaka mimi mwenyewe nikawa sizisikii kwa kidole.

Nilimpelekea Jumapili iliyopita. Alikaa nayo muda mrefu kuliko nilivyotarajia, chai ikapoa. Alipitisha ukucha kwenye mgongo, kwenye ubavu, akarudi. Alipofika kwenye herufi akasimama.

"Hii Y," akasema, "ulibadilisha wembe kabla ya kuikata?"

Sikuwa nimebadilisha. Nimeagiza pakiti nyingine, na picha nitapakia nikishairekebisha.